Tuuzieni Nyumba Kabla Hazijawekwa Vigae

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa shirika lililotujengea nyumba. Viongozi wa mtaa, wazee wetu na majirani wote.

"Jirani, hivi umenunua nyumba au umenunua kuta?" Swali hilo aliniuliza mshona nguo, tuliyekuwa tumepanga naye vyumba vya kutazamana, siku nilipomwonyesha ufunguo wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Wenzangu waliposikia wakasema basi hilo ndilo liwe jina letu. Sisi ndio Kikundi cha Kuta Tupu, kaya kumi na nane, na mimi ninayewasomea ni mjane, mfagizi wa zahanati. Karibu sana. Tulikuombea safari njema tangu juzi.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, miaka miwili iliyopita tulikuja ofisini kwako tumevaa nguo zetu za ibada. Bei ya nyumba ilikuwa imetushinda. Tukakuomba utuuzie bila dari, bila sakafu ya maana, bila milango ya ndani, ili bei ishuke. Ukasema, "Mama, mkizikimbia nitawacheka." Lakini ulikubali. Wenye madaraka ni wengi, wenye masikio ni wachache. Wewe Mungu alikupa vyote viwili.

Hatukuzikimbia.

TULIYOYAFANYA

Kila Jumamosi tulikutana wote kwenye nyumba moja, Jumamosi nyingine tunahamia ya pili. Tulianza na ile yenye mtoto mchanga. Tuliahidiana kwamba hakuna atakayeweka kigae hata kimoja kabla kila nyumba haijapata milango. Ahadi haikuvunjwa, ingawa mwenzetu dereva wa lori alikuwa na maboksi mawili ya vigae chini ya kitanda, na Mungu alikuwa anamwona.

Kwa miezi mitano milango ya vyoo ilikuwa mapazia. Mtu akiingia anaimba, wenzake wajue. Sasa mama mkwe wa mwenzetu fundi mwashi alipokuja kutembea, akaona haya kuimba nyumbani kwa mkwewe, akawa anakohoa. Sisi majirani kwa huruma tukampelekea dawa ya kifua. Mlango wa choo kile ulipatikana wiki hiyohiyo.

Mapazia yote yale aliyashona mshona nguo, yuleyule aliyenicheka. Tulipomwuliza tumlipe nini, alisema, "Nyamazeni. Nimekuja kujifunza kuta zinavyogeuka nyumba." Leo kaya zote kumi na nane zina milango, zina dari, na usiku tunalala tumefunga komeo. Hayo ni matunda yako, Mgeni rasmi, na hatuyasahau.

CHANGAMOTO

Nyumba mpya arobaini unazofungua leo ni nzuri. Hatuwezi kusema uongo mbele za Mungu. Zilizokwisha zina vigae mpaka jikoni, zina makabati ya ukutani. Bei yake ni karibu mara mbili ya zetu. Kaya tisa za ndugu na jamaa zetu, mshona nguo akiwemo, zimejinyima kwa ajili ya kununua kuta kama sisi. Kuta tupu haziuzwi tena.

OMBI

Ombi letu ni moja. Nyumba kumi za mwisho kati ya hizo arobaini, upande wa mfereji, bado hazijawekwa vigae wala makabati. Fundi vigae ametuambia anaanza Jumatatu. Tunakuomba asianze. Ziuzwe kama zilivyo. Punguza nyumba, bei itajipunguza yenyewe. Yatakayobaki tutayamaliza kwa mikono yetu, Jumamosi bado zipo.

SHUKRANI

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, awalinde wa nyumbani mwako, na kila mlango unaougusa aufungue.

Tunamalizia na tuliloliona kwa macho yetu. Jumanne tulimsindikiza mshona nguo kwenye nyumba ya maonyesho. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akafungua kabati, akapitisha kiganja ndani, akamwuliza muuzaji:

"Na bila hili kabati ni bei gani?"

"Mama, kabati haling'oki."

"Na bila vigae?"

"Mama, hapa si sokoni."

Akalifunga kabati taratibu, kama la kwake, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka.

Ni sisi,
Kikundi cha Kuta Tupu