Filemoni Mgaya na Chupa Iliyo Ndani ya Jeneza

Ukoo umenipa mimi, kaka wa mjane, kazi ya kusoma wasifu huu kwa kuwa ndimi pekee nisiyetazamiwa kulia. Sikumpenda marehemu. Alilijua hilo na halikumnyima usingizi.

Dkt. Filemoni Mgaya alizaliwa hapa Nyololo tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa baba ambaye baadaye alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo. Alisoma msingi hapahapa, sekondari Iringa, kisha fizikia ng'ambo, alikotoka na shahada ya uzamivu na tabia ya kusahihisha watu wakiwa wanasali.

Kuanzia 2008 alifundisha chuo kimoja Mbeya. Huko alipika chembe zisizoonekana kwa macho, za semikonda, yaani vitu vinavyopitisha umeme nusunusu. Kadiri zinavyokaa motoni zinakua, na ukizimulika zinawaka: ndogo buluu, kubwa nyekundu. Siku ya posa mama yetu aliuliza kwa nini. Akajibu kwamba mwanga ukiingia, elektroni inaruka na kuacha tundu. Viwili hivyo vinashikana, ndiyo eksitoni. Elektroni ikirudi tunduni, mwanga unatoka.

“Kwa hiyo mpaka warudiane ndiyo wang'ae?” mama akasema. “Wewe na binti yangu mmeshagombana mara ngapi, baba?”

“Bado, mama.”

“Basi bado giza.”

Alimwoa Veneranda tarehe 9 Oktoba 2010. Kanisani alichelewa sana: chembe zilikuwa zimefika kijani, naye alitaka nyekundu.

Mwaka 2022 figo zilianza kugoma. Chembe zile zina kadmiamu, nayo ni sumu. Daktari alimkataza; yeye akaahidi, akarudi kupika. Dada yangu akamuuguza. Filemoni alifariki Mbeya tarehe 2 Juni 2025, akiwa ameagiza jambo moja la maana: chupa zote za chembe zirudishwe chuoni, hata moja isizikwe. Bondeni, chini ya makaburi haya, kuna vinyungu vyetu, bustani za mboga, na kisima.

Aya hii haimo kwenye ratiba mlizoshika. Leo asubuhi shemeji Rabson, kaka wa marehemu, ametia chupa nyekundu ndani ya jeneza. Nilimfuata.

“Aende na taa yake,” akaniambia. “Wewe hukumpenda, utajuaje?”

Kweli, sikumpenda. Lakini wanaoteka maji pale ni wajukuu wako, shemeji.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Bertha na Philbert, na kaka mmoja ambaye sasa hivi anatazama viatu vyake. Shemeji, fungua jeneza. Tunasubiri.

Apumzike kwa amani, chupa ikishatoka.