Honi, Aliyewaanzishia Watoto Wimbo kwa Pumzi

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, wafanyakazi wa hospitali, ndugu na jamaa, na ninyi watoto mlioketi viti vya mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, yule kinyozi wa pale kona, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, si kwa sababu najua kusoma kuliko wenzangu, bali kwa sababu shemeji yangu amesema hataweza, wapwa zangu wamesema hawataweza, na kitinda mimba tangu zamani ndiye anayetumwa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1960, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba la kunyolea, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama alipenda kusimulia kwamba siku hiyo baba alikuwa na mteja kitini, ameshamnyoa upande mmoja, mara akasikia mtoto analia, akatupa mkasi akakimbilia ndani, na yule mteja, muungwana wa watu, akakaa na nusu kichwa mpaka baba aliporudi kumwambia kwamba ni msichana na ana sauti kama honi ya lori. Jina likaganda hapo hapo. Sisi wadogo zake, aliokuwa akituita kuja kula tukiwa mtaa wa tatu, tunashuhudia kwamba hakusingiziwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1967, ile iliyo mkabala na kituo cha zimamoto, akamaliza mwaka 1973, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1974 hadi 1977, ambako hesabu zilimpiga chenga mpaka siku ya mwisho, ila hapakuwa na mkutano wa shule ulioanza bila yeye kuanzisha wimbo. Muziki hakufundishwa na mtu, wala kusoma nota hakujua, alisikia kitu mara moja kikaingia, basi kimeingia. Mwaka 1978 alisomea uopereta wa simu, na tarehe 2 Aprili 1979 akaajiriwa katika hospitali ya wilaya, kwenye kile chumba kilicho chini ya ngazi kisichokuwa na dirisha, akakaa humo na vifaa vyake vya kusikilizia masikioni mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2015. Wengi wenu hamkuwahi kumwona kazini, lakini kama daktari alifika kwa mgonjwa wenu kwa wakati, mjue kuna mtu alimtafuta nyumbani kwake, kwa jirani yake, hata kwa wakwe zake, mpaka akampata, na mtu huyo alikuwa Honi.

Alifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 20 Desemba 1986 na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba lililokuwa likivuja juu ya mitambo ya simu, akaliziba, likavuja tena wiki iliyofuata, akarudi, likavuja tena, na mpaka leo shemeji anaapa kwamba lilikuwa bomba bovu, nasi tunamwachia. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na wa kike ambaye ni mshonaji, pamoja na wajukuu watatu, na wote wako hapa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililowaleta wengi wenu. Vuli ya mwaka 1998 kanisa lilianzisha zile Jumamosi tunazozijua, mvua zinapokaribia na makoti kuanza kuvaliwa, ukumbi unafunguliwa kwa mtaa mzima, mwenye imani na asiye nayo, pana meza ya nguo za mitumba, pana fundi wa baiskeli kwenye baraza, pana birika kubwa la chai, na mwaka ule wa kwanza watoto walikuwa wakikimbizana kati ya miguu ya watu hadi birika likapinduliwa, ndipo mzee mmoja wa kanisa akamwomba dada yetu awashike wale watoto kwa nusu saa tu, watu wanywe chai kwa amani. Nusu saa ile hakuirudisha tena. Aliwakusanya kwenye chumba cha pembeni kinachowekwa viti, akawapa filimbi za plastiki, marimba yenye vipande pungufu na makopo ya kokoto, na ilipofika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba walisimama mbele ya watu wakaimba.

Mwanzoni aliwaongoza akiwa mbele yao kama waongozaji wengine, lakini wazazi wakanung'unika kwamba hawaoni watoto, wanaona mgongo, naye akajibu kwamba ni kweli, mgongo wake huo peke yake unaziba watoto wanne, akachukua mwili wake akaupeleka nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, chini ya misumari ya kutundikia makoti. Tangu hapo akaongoza kutoka huko, ninyi mkitazama watoto, watoto wakitazama juu ya vichwa vyenu, na wageni waliokuja walikuwa wakisema watoto wa kanisa hili huimba kama wanaowaona malaika, kumbe wanamwona mama mnene anarusha mikono kati ya makoti. Wala hakuwahesabia moja, mbili, tatu, kama wafanyavyo wengine, maana hesabu, nimeshasema, hazikuwa zake. Alivuta pumzi tu, kifua kikajaa, mabega yakapanda, na watoto wote kule mbele wakavuta naye, basi pumzi ile ikishuka wimbo umeshaanza. Hivyo ndivyo alivyofundisha, na hakuna namna nyingine waliyoijua.

Februari 2022 alishindwa kumfunga mjukuu vifungo vya koti. Tulimtania kwamba uzee umebisha hodi, naye akacheka, lakini mwezi uliofuata ufunguo ukamshinda, kisha kijiko, na tarehe 17 Agosti 2022 daktari bingwa akatueleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu inayoiamuru misuli, utaanza na mikono, utakwenda kwenye shingo na sauti, utamalizia kwenye pumzi, na dawa ya kuuponya haipo. Shemeji akauliza kama ipo kwingine. Daktari akasema haipo kwingine. Nimefikiri sana juu ya siku ile, kwamba mtu aliyewatafutia madaktari watu wa wilaya nzima aliketi pale na daktari yuko mbele yake, amepatikana, ana muda, ana huruma, na hana la kufanya. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, lakini wao hawakutuambia mtu akae vipi na kitu hicho nyumbani.

Vuli ile aliongoza mikono ikiwa imefika kifuani tu. Vuli iliyofuata mikono haikunyanyuka kabisa, na hapo shemeji akasema yeye atakuwa mikono yake, na tarehe 28 Oktoba 2023 akasimama nyuma ya kiti cha magurudumu, akamshika mkewe viganja, Honi akavuta pumzi, wimbo ukaanza, na shemeji akawa anainyanyua ile mikono taratibu, taratibu sana, kwa kuogopa kumuumiza, na watoto, ambao wamefunzwa kuifuata mikono ile popote iendapo, wakaufuata mwendo wake, wimbo wa furaha ya mavuno ukavutika mpaka wapiga filimbi wakaishiwa pumzi na mmoja akakaa chini. Ninyi mlilia mkapiga makofi, mkidhani ndivyo ulivyopangwa. Kule nyumbani Honi alicheka mpaka tukamwinamisha asipaliwe, akamwambia mumewe kwamba alimpa wimbo wa mavuno yeye akauimbisha wa kuzikia. Shemeji hakukata tamaa, kila jioni walifanya mazoezi jikoni, redio ikiwa juu ya kabati, akazoea kupeleka mkono kwa mwendo unaotakiwa, na kufikia Februari mwaka huu alikuwa amejua kabisa, lakini Februari hiyo hiyo shingo ya dada yetu ilikuwa haishiki tena kichwa.

Sauti iliondoka Juni. Kwa macho na ubao wa herufi alituagiza jambo moja, nalo halikumhusu yeye, alitaka watoto wafundishwe kuanza bila yeye, wimbo wa vuli usimfuate kaburini. Tulijaribu. Mpiga kinanda alisimama mbele yao akawahesabia vizuri, wakamsikiliza kwa adabu, wakaendelea kutazama nyuma. Mchungaji alijaribu. Mpwa wangu mshonaji alijaribu, na watoto wakamwonea huruma. Mimi nilikwenda kusimama pale penye makoti nikavuta pumzi kwa kadiri nilivyoweza, wakaangua kicheko, na haki yao, kinyozi akivuta pumzi anaonekana anataka kupiga chafya.

Tarehe 21 Septemba, dada akiwa amelazwa na mashine ikimsaidia kupumua, tuliwapeleka watoto hospitalini, muuguzi mkuu akatufungulia mlango ingawa haikuwa saa ya kutazama wagonjwa, wakasimama kukizunguka kitanda upande wa miguuni. Honi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha tukaona anataka kuvuta ile pumzi, macho yakapanuka, na kifua kikapanda kidogo tu, kadiri mashine ilivyokiruhusu, kikashuka. Watoto walisubiri. Akajaribu tena, na watoto bado wakasubiri, midomo wazi, na sisi watu wazima wote mle chumbani, na madaktari, na mashine zao, hatukuwa na kitu cha kumwongezea. Hawakuimba. Waliaga wakaondoka, na machozi yake ilibidi tumfute sisi. Dada yetu alifariki tarehe 3 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa ameishika mikono yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya hata siku moja, majirani waliotupikia na kutufulia bila kuitwa, waliokuwa wenzake wa chumba cha simu, waliokuja kumsomea magazeti, fundi wa baiskeli aliyekirekebisha kile kiti cha magurudumu, mchungaji, mpiga kinanda, na wote ambao siwezi kuwataja, mtusamehe.

Mmeniuliza pale mlangoni kwa nini jeneza liko nyuma yenu, chini ya makoti, na siyo hapa mbele. Ni watoto waliomwomba mchungaji, naye hakuweza kuwakatalia. Jana walifanya mazoezi tangu mchana hadi giza likaingia, na sitawaficha, wimbo haukuanza. Leo wamesema watajaribu. Tunawaomba msigeuke, msiwahesabie, msiwapigie makofi ya kuwasaidia, na wakishindwa, tusiwalaumu, maana hata sisi tumeshindwa.

Honi, dada yetu, pumzika kwa amani. Watoto, simameni.