Ndoo Nne Nilizozifunika Kwenye Maonyesho

Assalaam aleikum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti ameniomba niseme machache, na nyote mnajua mimi na machache hatupatani. Nitasema Kiswahili, ili wenzetu wa ng'ambo ya mto wasibaki kunitazama mdomo tu.

Ukame ulipotumaliza, mume wangu alirudi kutoka upande wa Modogashe na ng'ombe wawili. Alikaa, akanywa maji. Nikajua watoto sasa watakula kwa mikono yangu, na mikono hii ilijua kazi moja tu vizuri: nyirinyiri. Kuanika nyama, kuikata vipande vidogo, kuikaanga kwa samli na iliki mpaka ikae miezi bila kuharibika. Lakini Garissa nani atainunua? Kila nyumba ina mama wa kuipika. Ilibidi tupate mnunuzi wa mbali. Ndiyo maana kikundi chetu kilipopata kibanda kwenye maonyesho ya biashara kule Nairobi, mlinichagua mimi. Mlitoa nyama ya mbuzi wenu waliobaki, nikajaza ndoo nne.

Nilijiandaa vipi? Nilipaka hina. Nilishona vitambaa vizito vya kufunikia ndoo. Nyinyi mliolelewa na mifugo mnajua: maziwa hayaachwi wazi mbele ya mpita njia, wala ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Jicho la husuda lipo. Basi nilipofika nikaweka ndoo nyuma ya miguu yangu, nikazifunika, nikazifunga kamba, nikakaa mbele yake nikisoma dua.

Mnacheka. Chekeni, nimewaruhusu.

Jirani yangu wa kibanda, mama aliyeuza asali, aliniuliza, "Mama, wewe unauza vitambaa?" Mwenye duka mmoja alisimama, akauliza ndani kuna nini. Nikamjibu, "Chakula tu." Akangoja nifungue. Mimi nikangoja aondoke, maana walahi alikuwa na macho makubwa. Akaondoka.

Nilirudi na ndoo nne zimejaa. Na hapa ndipo nilipoanguka, ndugu zangu, nawaambia ukweli. Njia nzima kwenye basi nilitafuta la kuwaambia. Mliponiuliza, nikasema watu wa kule wametudharau kwa sababu sisi ni Wasomali, hata kuonja wamekataa. Ulikuwa uongo. Hakuna aliyekataa kuonja, kwa sababu sikumwonjesha mtu. Mliniamini kwa kuwa kila mmoja wetu ameshasimamishwa barabarani akaulizwa kitambulisho kwa dharau, na uongo wangu ukakaa juu ya kidonda cha kweli. Mkakata shauri kikundi kisipeleke mtu tena. Nikaona nimewafungia njia nyote, na watoto wenu pia. Nikaacha kuja mikutanoni. Niliona haya hata kwenda kuteka maji.

Adhuhuri moja mwenyekiti akaja kwangu na mama mmoja wa Hagadera, mkimbizi aliyetaka kujifunza habari za vikundi. Mgeni ameingia, utafanya nini? Nilivuta ndoo, nikaifungua, nikapakua. Yule mama alikula, akafumba macho.

"Mashallah," akasema. "Tangu vita, abaayo, dada yangu, mimi hapana onja hii. Ni kama mama yangu amebika."

Akalia, na mimi nikalia. Nilitazama ile ndoo iliyo wazi katikati yetu nikajiona mjinga. Mgeni sijawahi kumfunikia chakula maishani mwangu. Mpita njia ndiye tunayemwogopa, na mimi kule Nairobi niliwafanya watu wote wapita njia.

Nikamwambia mwenyekiti kila kitu, mgeni wetu akisikia.

"Abaayo," akasema mwenyekiti, "uongo huo utautoa wewe mwenyewe mbele ya wenzako. Halafu utarudi Nairobi."

Siku niliyosimama hapa kuomba msamaha mlininunia, na mlikuwa na haki. Kisha mkanisaidia. Tulijiandaa kama watu wanaongoja wageni: mkeka, chai ya iliki, visahani vya kuonjea, mikebe midogo yenye karatasi ya maelezo aliyotuandikia mwalimu wa shule. Mlijifanya wateja wakorofi, mkaniuliza maswali mpaka jasho likanitoka, nami nikajifunza kueleza kazi yangu. Kwenye maonyesho yaliyofuata nilimkaribisha kila aliyesimama. Wasiojua kusema mashallah, neno la kuzuia jicho, niliwasemea mimi. Siku ya pili mwenye duka mmoja alionja, akaonja tena, akataka tumpelekee kila mwezi. Mpaka leo tunampelekea, alhamdulillahi, na watoto wangu wanakula.

Mwenyekiti, Mungu akuzidishie kheri kwa kutoficha uongo wangu na kutonifukuza. Mama wa Hagadera hayupo hapa, lakini dua zangu anazo. Na nyinyi mnaojiandaa kwenda mwaka huu, ninalo neno moja tu la kuwaachia: kabla hujasema watu wamekukataa, hakikisha umewapa kitu cha kukataa.

Nimebakiza shukrani moja. Siku ile ya msamaha, dada mmoja hapa alisimama akatoka nje katikati ya maneno yangu, maana mbuzi aliyemtoa alikuwa wa mwisho kwake. Sitamtaja. Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni kwangu, ana kisu chake na ubao wa kukatia nyama. Hakunisalimu. Alikaa chini akaanza kukata. Dada, sijawahi kukuambia: bila wewe nisingerudi. Ahsante.