Duara Kwenye Kaburi la Baba

Bwana asifiwe! Ninyi wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Mimi ni Keji, wa hapa hapa Hai Mauna, mnanijua, nauza mitumba kule Jebel. Leo nimesimama kwa sababu Mungu amemfuta mama yangu machozi.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli. Alipofariki, kabla ya vita, ndugu zake hawakuweka msalaba. Walichukua ringi ya baiskeli yake mwenyewe, wakaikandamiza kwenye simenti mbichi, upande wa kichwa. Mama alifurahi sana. Alisema hapo hata mtoto hawezi kumpoteza mzee.

Kisha vita vikaja, tukakimbilia Uganda. Niliporudi mimi kwanza kumwandalia mama, makaburi yale alikozikwa baba yalikuwa msitu, na watu wa vyuma chakavu walikuwa wamepita! Misalaba ya chuma, ringi ya baba, vyote wameng'oa. Safu nzima inafanana, hakuna jina. Nililia, ndugu zangu!

Na mama alikuwa ameshapata gari kule mpakani, Nimule. Macho yake yamekwisha, haoni. Kule kambini neno lake lilikuwa moja tu: "Nikifa, mnilaze kando ya mzee." Sasa mzee yuko wapi?

Baba mdogo Lado akaniambia, "Keji, chagua moja hapo, tupake simenti, tuandike jina. Mama yako haoni. Khalas, yameisha!"

Simenti ilikuwa imeshachanganywa. Jamani, nilijaribiwa! Lakini barabara ya Nesitu, aliyokuwa akija nayo mama, siku zile ilikuwa ya risasi. Nikawaza, mama apite kwenye risasi aje alale kando ya mtu asiyemjua? Hapana! Nikasema, "Baba mdogo, simenti na ikauke. Mimi simdanganyi mama yangu." Akanuna, akaenda kukaa kivulini.

Nikapiga magoti kwenye majani. Niliomba kwa ukali kabisa: "Bwana, kaburi la Lazaro ulifika mpaka mlangoni. La baba yangu je?" Nikachukua ndoo na brashi, nikaanza kuosha kaburi moja moja. Hakuna kitu. Linalofuata, hakuna. Baba mdogo ananicheka. Nikafika lile lililo karibu na ukuta, nikamwaga maji, nikasugua, udongo ukatoka. Ndugu zangu, duara! Chuma walichukua, lakini alama yake ilibaki ndani ya simenti, mviringo mzima! Baba mdogo alikuja mbio, akaishika, akalia kwa sauti kuliko mimi. Haleluya!

Gari la mama lilipita Nesitu salama. Tukamshika mkono mpaka pale, hatukumwambia kitu. Akachuchumaa, akapapasa, kidole kikaingia kwenye ule mfereji, akakizungusha mpaka kikarudi kilipoanzia. Akacheka! "Mzee," akasema, "ringi yako wameiba, lakini wewe upo."

Tukapalilia, tukajenga ukingo, tukaandika jina. Ile alama hatukuiziba.

Ndugu yangu, labda na wewe leo unaambiwa, chagua chochote umalize, nani atajua? Usipake hiyo simenti! Mwamini Bwana, chukua ndoo, endelea kuosha.

Mama yangu yule pale mbele, mwenye kitambaa cheupe. Tangu siku ile hajasema tena "nikifa". Sasa anasema, "Keji, vaa viatu, twende tukamsalimie mzee."

Semeni amina, anawasikia!