Kosa la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu Mbaabu wa Kanyakine, aliyezikwa Ijumaa kando ya migomba yake. Mwalimu Mbaabu, wa fizikia. Alinifundisha mambo ya kwanta, fizikia ya chembe ndogo kabisa, chuoni, kabla redio haijaniteka.

Alikuwa akija darasani na kiondo, kikapu cha kusuka, chenye njahi, yale maharage meusi. Anakizungusha, anauliza, "Njahi zimepungua?" Hazijapungua. "Basi hiyo ndiyo opereta ya unitari. Inageuza hali ya chembe, lakini jumla ya uwezekano inabaki ileile." Tulielewa haraka, maana zile njahi baadaye zilipikwa.

Lakini alikosea mahali pamoja. Katika ukurasa wa kumi na tisa wa maelezo yake ya somo, alisema kuurudisha wakati nyuma nako ni unitari. Kumbe sivyo. Mwanafunzi mmoja kutoka Embu, Mukami, alipiga hesabu hiyo akakuta nishati imegeuka hasi, jambo lisilowezekana. Akampelekea. Mwalimu akasema, "Mukami, umeniokoa. Na wale niliowapoteza, je?"

Wanafunzi aliowafundisha ukurasa huo kabla yake walikuwa arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja, wasikilizaji. Akaandika majina yao yote kwenye daftari.

"Nilimwambia awatumie meseji," asema mkewe, Mama Joyline. "Akakataa. Kosa alilolisema kwa mdomo atalitoa kwa mdomo."

Huyo ndiye Mbaabu. Kwenye harusi ya Mutegi, mmoja wa hao arobaini na mmoja, kule Kiirua, alipewa maikrofoni awabariki maharusi. Akawabariki vizuri sana, kisha akamgeukia bwana harusi. "Na ule ukurasa wa kumi na tisa, futa." Bibi harusi akadhani kuna mke mwingine.

Kila aliyemfikia alimwekea alama. Jumamosi nilipokwenda kutoa pole, Mama Joyline alinionyesha daftari. Alama arobaini. Jina moja halikuwa na kitu. Kiunga. Ni mimi.

Mwezi wa tatu alipiga simu hapa, kwenye kipindi cha salamu. "Kiunga, ni mwalimu wako. Ule ukurasa..." Saa ya taarifa ya habari ilikuwa imefika. Nikakata simu. Naona haya kusema, lakini niliikata.

"Hakukasirika," Mama Joyline akaniambia. "Alicheka. Alisema, huyo kazi yake ni redio, iko siku atasikia."

Basi nasoma kutoka daftari lake: "Kuurudisha wakati nyuma ni anti-unitari. Uwezekano haupotei, lakini alama ya namba ya kufikirika, ile i, lazima igeuke, chanya iwe hasi. Mnisamehe."

Familia ya Mwalimu, poleni sana. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu ulimfundisha vibaya na bado yuko, mwendee leo.

Mama Joyline, najua redio yako imewashwa. Nimesikia. Niwekee alama.