Majonzi Yasitande

Sikilizeni, wanangu, na wewe kifungua mimba sogeza kiti karibu na dada yako, maana hamsemezani tangu ulipomwambia habari zake kavu kama risiti, naye akakujibu kwamba wewe unaandika maua matupu, na mimi sina pumzi ya kusema jambo mara mbili.

Nyumba ni yenu nyote, na shangazi yenu asihamishwe chumba chake. Hilo limekwisha. Imebaki kalamu yangu nyekundu ya uhariri, ambayo kila mmoja wenu ameshaniomba kwa siri.

Nilipoanza kazi gazetini, kiwanda cha pamba kiliungua, fundi mitambo akafa, nami nikaandika, "Majonzi yalitanda." Mhariri wetu, tuliyemwita Wembe, akanirudishia karatasi mbele ya watu. "Yalitanda wapi, bwana mdogo? Kitandani? Wewe ulishika pembe ipi ya shuka?" Chumba kizima kikacheka. Nikarudi kwa mjane nimevimba kwa hasira, nikamkuta anafua ovaroli ya marehemu. Nikamuuliza, mama, unamfulia nani? Akasema, "Kesho Jumatatu, na hajawahi kwenda kazini mchafu." Nikaandika hayo tu. Wembe alisoma, akavua miwani, akaipeleka habari kwenye mtambo wa kuchapa bila kugusa hata nukta. Nimehariri miaka arobaini na mmoja, na aya ile bado natembea nayo kifua mbele.

Ninyi pia mmenitoa kimasomaso, wala sioni haya kusema. Wewe, mwanangu, unajua msomaji atalia wapi. Wewe, binti yangu, unajua ovaroli imeanikwa wapi. Kila mmoja ana nusu ya kazi. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini ninyi mmekaza shingo.

Basi kalamu haitoki kwenye droo mpaka mwandike tanzia yangu, wawili, meza moja, ukurasa mmoja. Atakayeandika majonzi, mwenzake akate. Msiseme nilikuwa mcheshi. Mwekeni Wembe na shuka lake, wasomaji watajua wenyewe.

Radhi zangu mnazo. Mungu awape msomaji asiyeweza kulala kabla hajamaliza.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Nani ana karatasi? Andika: alikunywa maji... nusu kikombe. Nusu, binti yangu, umeona mwenyewe. Na wewe... mshikie dada yako kikombe... aandike.