Mkono Ulikuwa Wangu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu nawasalimu. Nina jambo nimelificha miaka mingi, na majina ya watu sitayataja.

Nilikuwa mkimbiaji. Mwalimu wetu wa mazoezi alitupandisha mlima kila asubuhi, wasichana sita, bila kula. Alisema chakula kinamfanya mtu mzito. Aliyebaki nyuma alichapwa miguu mpaka damu itoke. Mimi nilikuwa kiongozi wa wenzangu, kwa hiyo siku nyingine fimbo nilishika mimi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilipiga. Mdogo wetu mmoja alikutwa na kiazi kitamu mfukoni. Mwalimu akaniambia, "Mfundishe adabu." Nilimpiga kichwani, akaanguka, nikaendelea kumpiga. Alilia, "Dada, ni njaa! Dada, ni njaa!" Mpaka leo ana kovu juu ya jicho.

Wiki ileile, katikati ya mlima, miguu yangu ilikataa. Jasho la baridi, mikono inatetemeka, macho giza. Mwalimu akanikuta chini. Akanipiga mateke ya mbavu. "Inuka, mvivu wewe!" Nikasikia mfupa unavunjika. Akainua fimbo, na aliyejitupa juu yangu ni yule yule msichana niliyempiga. Alimng'ata mkono yule mtu mpaka akaiachia fimbo. Wakulima waliokuwa wanapalilia maharage wakaja na majembe, akakimbia. Baadaye alikamatwa, akafungwa.

Kule zahanati, muuguzi alinieleza huku ananifunga. "Ugali unakuwa sukari tumboni. Damu inaibeba, nyingine inawekwa akiba kwenye misuli na ini. Ukikimbia, misuli inaichoma kwa hewa unayovuta. Ndiyo nguvu yako, na ndilo joto unalolisikia ukikimbia. Akiba ikiisha unabaki na mafuta, na mafuta hutoa nguvu polepole, hayakupandishi mlima kwa kasi. Wewe siyo mvivu, binti yangu. Uliishiwa."

Nililia sana. Siyo kwa mbavu. Kumbe yule mtoto nilimpiga kwa sababu mwili wake uliomba haki yake!

Nilipopona nilienda kwao. Mama yake akasimama mlangoni. "Ulimpasua mwanangu kwa ajili ya kiazi." Nikapiga magoti. Binti akasema kutoka ndani, "Mama, mwache aingie."

Nawashukuru wakulima wale, na muuguzi, na huyu mdogo wangu ambaye sasa tunafundisha naye wasichana, wakiwa wamekunywa uji kwanza.

Ninyi mliowahi kuumiza mtu kwa kuagizwa na mkubwa, msijifiche nyuma yake. Amri ilikuwa ya mwalimu. Mkono ulikuwa wangu.